Anza Kichwa, Funga Kichwa

Kwa miaka minne Kulthum binti Hamoud na Mzee Kurwa walifanya kazi pamoja katika kiwanda kimoja cha chapa pale Kiponda, na kwa muda wote huo hawakuwahi kugombana kwa herufi hata moja. Kulthum alikuwa akisoma miswada inayoletwa kutoka maofisini na kuitia alama kwa penseli nyekundu. Kichwa cha habari alikipigia mistari miwili chini. Aya mpya aliitilia kikulabu ubavuni. Neno la kukoza alilizungushia duara. Mzee Kurwa, ambaye alianza kupanga herufi za risasi hata ndevu hazijamtoka, alitupa jicho mara moja, mkono ukaenda kwenye kasha wenyewe, na ukurasa ukatoka kama ulivyotakiwa.

Kulthum aliingia kazini mwaka wa 1966 kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwengine wa kuingia kazini. Baba yake alikuwa na mikarafuu Kidichi. Baada ya mapinduzi shamba likagawiwa eka tatu tatu, mzee akapanda meli kwenda Maskati na habari zake zikaisha huko. Kulthum akabaki na mama yake, Bi Tamima, katika vyumba viwili vya juu huko Malindi. Mmoja katika waliopata eka tatu za Kidichi alikuwa shemeji yake Mzee Kurwa. Jambo hilo Kulthum alilijua, na Mzee Kurwa alijua kuwa analijua, na wote wawili waliliacha lilale lilipolala. Wao walizungumza herufi.

Mwanzoni mwa 1970 meneja wao, Ndugu Pandu Nahodha, akarudi kutoka masomoni. Alikuwa amepelekwa miezi tisa katika nchi moja ya baridi, akarudi na koti la manyoya ambalo Unguja halivaliki, na fikra moja ambayo bahati mbaya ilivalika. Huko alikokuwa aliambiwa kwamba siku zijazo miswada itasomwa na mashine. Mashine haina akili ya kujua kichwa ni kipi na aya ni ipi, kwa hiyo lazima iambiwe kila kitu kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

"Na sisi tunayo mashine hiyo?" aliuliza Mzee Kurwa.

"Bado," alijibu Ndugu Pandu. "Lakini hatuwezi kungoja mashine ije itukute hatuko tayari."

Alijifungia wiki sita, akatoka na kitabu cha kurasa arubaini na moja: *Mwongozo wa Alama*. Alikipeleka kwa Ndugu Katibu wa idara iliyosimamia kiwanda. Ndugu Katibu alikitazama unene wake, akakitia saini.

Siku ya kuuzindua Ndugu Pandu aliwakusanya wafanyakazi wote kumi na wawili, akawasomea sura ya kwanza, "Maana za Maneno".

"Alama," alisoma, "ni neno linaloonyesha mwanzo au mwisho. Ya mwanzo itaandikwa ANZA, ya mwisho itaandikwa FUNGA. Kipengele ni kila kilichopo tangu alama ya kuanza mpaka alama ya kufunga, pamoja na alama zenyewe. Kipengele kitupu ni kipengele kisichokuwa na kitu ndani."

"Kama hakina kitu ndani, n'nakipanga vipi?" aliuliza Mzee Kurwa.

"Unakipanga kitupu." Ndugu Pandu akafunua ukurasa. "Kipengele kilichobeba kipengele chengine ndani yake kitaitwa mzazi. Kilichobebwa kitaitwa mtoto."

"Ikiwa bado kambeba ndani, huyo hajawa mzazi. Huyo ana mimba," alisema Mzee Kurwa.

Watu wakacheka. Ndugu Pandu hakucheka. Akaingia kwenye sifa: kila kipengele kinaweza kuwa na sifa, kama vile ukubwa au unono wa herufi, na sifa zitaandikwa katika alama ya kuanza tu. Katika alama ya kufunga ni marufuku.

"Hapo umesema kweli," alisema Mzee Kurwa. "Mtu husifiwa akianza kazi. Akimaliza nani anamsifu?"

Safari hii hakucheka mtu, kwa sababu Ndugu Pandu alikuwa ameshatoa kalamu na daftari.

Palikuwa na maneno mengine matatu ambayo Ndugu Pandu aliyapenda kuliko yote: "lazima", "yafaa" na "anaweza". Kila moja lilipewa nusu ukurasa. Mpangaji lazima apange kipengele chote. Msomaji yafaa alinganishe prufu, yaani ile chapa ya majaribio, na mswada. Fundi anaweza kuuliza.

Kulthum alinyoosha mkono. "Anaweza, maana yake ana ruhusa, au maana yake ana uwezo?"

"Limefafanuliwa ukurasa wa tano."

"Nshausoma ukurasa wa tano. Umeandika: anaweza, maana yake si lazima."

"Basi ndiyo hivyo, Bi Kulthum. Si lazima uulize."

Penseli nyekundu ikaanza kuisha kwa wiki moja. Mswada wa ukurasa mmoja ukarudi una kurasa tatu, mbili zikiwa ANZA na FUNGA. Mwanzoni Mzee Kurwa aliyasoma maelekezo, akayaelewa, akapanga habari bila ya zile alama, kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha siku moja, katika tangazo la chanjo ya kuku, aliruka kipengele kitupu alichoona hakina maana. Ndugu Pandu akamwandikia barua ya onyo. Barua ilisema: *Mpangaji lazima apange kipengele chote. Mpangaji hakupewa kazi ya kuamua maana.*

Mzee Kurwa aliisoma barua ile kwa utulivu, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kulthum alimwona akiitoa tena mchana na kuisoma mara ya pili, midomo ikitikisika, kama mtu anayehifadhi.

Wiki iliyofuata ukaja mswada wa hotuba ya Ndugu Katibu. Alikuwa anakwenda Matemwe kufungua jengo la skuli, na hotuba ilitakiwa ichapwe kijitabu cha kugawiwa wageni, na yeye mwenyewe aisome humo. Kulthum aliitia alama zote kwa mujibu wa Mwongozo. Siku ya pili Mzee Kurwa akamletea prufu.

Kulthum alisoma mstari wa kwanza, akarudi akausoma tena. Juu kabisa, kwa herufi nzuri zilizokaa sawasawa, pameandikwa: ANZA HOTUBA. ANZA KICHWA, SIFA: KUBWA, NONO. Ndipo likaja jina la hotuba. Kisha: FUNGA KICHWA. ANZA AYA.

"Mzee Kurwa, hizi alama umezipanga?"

"Nimepanga kipengele chote. Kipengele ni nini, mwanangu?"

Kulthum hakuwa na haja ya kufunua kitabu. Tangu alama ya kuanza mpaka alama ya kufunga, pamoja na alama zenyewe.

Aliichukua prufu mpaka chumbani kwa Ndugu Pandu. Alikusudia kusema, haki ya Mungu alikusudia. Ndugu Pandu alikuwa akiandika sura mpya na hakuinua uso.

"N'na suala juu ya hotuba ya Ndugu Katibu."

"Suala lako limo ndani ya Mwongozo?"

"Limo."

"Basi mbona unaniuliza mimi?" Akanyoosha mkono, akaichukua prufu, akatia saini pembeni bila ya kuisoma, akamrudishia.

Kulthum alisimama pale kidogo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na kwa miaka sita, tangu mapinduzi, alikuwa amejifunza kusema naam kwa kila mtu mwenye meza. Asubuhi ile subira ikamwisha. Alirudi kwenye kiti chake, akaandika chini ya saini ya meneja: *Sahihi kwa mujibu wa Mwongozo*, akampa Mzee Kurwa. Vijitabu mia tatu vikachapwa.

Jumamosi wafanyakazi wa kiwanda walipakiwa kwenye lori pamoja na wa idara nyengine, wakapelekwa Matemwe kuongeza watu. Jengo lilikuwa limepakwa chokaa jana yake na lilikuwa bado linachafua nguo. Ndugu Katibu alipanda jukwaani, akavaa miwani, akafunua kijitabu.

Ndugu Katibu alikuwa na tabia moja iliyomfikisha alipofika: alisoma kila alichopewa kusoma.

"Anza hotuba," alisema kwa sauti nzito. "Anza kichwa. Sifa: kubwa, nono."

Mlinzi aliyesimama nyuma ya jukwaa akakaza mkanda.

"Hotuba ya Ndugu Katibu katika Ufunguzi wa Skuli ya Matemwe. Funga kichwa. Anza aya. Wananchi, leo ni siku ya furaha."

Mbele ya Kulthum walikaa wanawake wawili wa hapohapo Matemwe. Mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Anasema funga. Anafunga nini?"

"Skuli."

"Si ndiyo kwanza anaifungua?"

"Nyamaza wewe. Ndiyo serikali hiyo."

Ndugu Katibu aliendelea. Kila alipofika "Funga aya", watu walidhani wanatakiwa kupiga makofi, wakapiga. Ukurasa wa tatu, pale Kulthum alipotaka pawe na nafasi wazi baina ya sehemu mbili, Ndugu Katibu alisita, akainua miwani, akaiteremsha, akasema kwa uthabiti: "Kipengele kitupu."

Makofi ya hapo yalikuwa makubwa kuliko yote.

Kulthum aliuma ncha ya buibui. Machozi yalimtoka, na kifua kilimuuma kwa kicheko alichokizuia. Pembeni yake Mzee Kurwa alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, anasikiliza kwa adabu ya mtu aliye msikitini.

Usiku haujaingia, Kulthum alikuwa ameshafika nyumbani na kumhadithia mama yake. Bi Tamima alikuwa mtu mkavu tangu 1964. Alisikiliza mpaka kwenye "kipengele kitupu", akaweka chini sinia ya mchele aliokuwa akichagua, akashika ukuta, akacheka mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kuna nini. Kulthum alikuwa amesahau kuwa mama yake ana pengo upande wa kushoto.

Jumatatu ikaja kamati. Walikuwa watu watatu, na mwenyekiti alikuwa Ndugu Hasan, msaidizi wa Ndugu Katibu, mtu mwembamba mwenye masikio ya kusikia vicheko vya mbali. Mtu mmoja aliyesoma Makerere alikuwa amemnong'oneza kwamba hotuba ile ilikuwa na kasoro.

"Nani aliyefanya kosa hili?" aliuliza Ndugu Hasan, na kijitabu kiko mezani.

Ndugu Pandu alikuwa akitokwa na jasho kama aliyevaa lile koti lake. Alimnyooshea kidole Mzee Kurwa.

"Kwa idhini yako, Ndugu Mwenyekiti," alisema Kulthum. "Kosa lipi?"

"Hujaona? Alama zimechapwa!"

"Nimeona. Lakini Mwongozo, ukurasa wa saba, umeeleza maana ya kosa: jambo lolote lililo kinyume na Mwongozo huu. Na ukurasa wa pili unasema kipengele ni pamoja na alama zake, na mpangaji lazima akipange chote. Mzee Kurwa angeziacha, hilo ndilo lingekuwa kosa. Barua yake ya onyo anayo mfukoni."

Mzee Kurwa akaitoa barua, akaikunjua, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

Ndugu Hasan aliisoma. Akausoma ukurasa wa saba, akausoma ukurasa wa pili. "Na Mwongozo huu umepitishwa na nani?"

Ndugu Pandu alifunua jalada. Saini ya Ndugu Katibu ilikuwa imechukua nusu ya karatasi.

Wajumbe wawili walianza kuangalia kucha zao. Ndugu Hasan alikifunga kitabu polepole, akakipangusa kwa kiganja kana kwamba kimeingia vumbi, na alipoinua uso ulikuwa uso mwengine.

"Basi suala la kujiuliza," alisema, "ni kwa nini sisi wengine idarani hatuandiki hivi."

Baada ya siku kumi ukatoka waraka. Barua zote za idara na ofisi zilizo chini yake zifuate Mwongozo wa Alama. Makarani waliuliza kama zile alama ni za kuandikwa tu au na kusomwa, wakaambiwa kipengele ni kipengele. Kulthum aliletewa barua ya pongezi. Ilianza ANZA SHUKRANI, na karani aliyeiandika alisahau kuifunga.

"Hawajaifunga," alisema Bi Tamima. "Bado wanakushukuru hao."

Wakacheka tena mama na mwana. Kazini watu walianza kumtazama Kulthum kwa heshima, na yeye, tuseme kweli, ilimpendeza. Asubuhi alizitia alama karatasi za watu bila ya kufikiri sana, na jioni alihadithia zile zilizochekesha zaidi.

Mwezi wa pili wake likaja tangazo la duka la ugawaji la mtaani kwao. Siku zile mchele ulikuwa wa foleni, na watu walijua siku ya mchele kuliko walivyojua tarehe ya kuzaliwa kwao. Tangazo lilikuwa fupi: kila nyumba itapata fungu lake Ijumaa kama kawaida. Kulthum alilitia alama, Mzee Kurwa akalipanga, wote wawili wakalipitisha. Likabandikwa mlangoni mwa duka alfajiri ya Alhamisi, na foleni ya Ijumaa ilikuwa imeshaanza.

Alama, kwa mujibu wa Mwongozo, zilikuwa kwa herufi kubwa. Habari kwa herufi ndogo. Mtu aliyesimama mwisho wa foleni aliweza kusoma maneno manne tu: ANZA MCHELE, na chini yake FUNGA MCHELE.

"Wanafunga mchele!" mtu akapiga kelele.

Foleni ikawa si foleni tena. Waliokuwa nyuma walisukuma, waliokuwa mbele wakagandamizwa kwenye mlango, mlango ukang'oka, na magunia yakapasuka chini ya miguu. Mwanamke mmoja, Bi Mwanapili, muuza mandazi, alivunjika mkono. Bi Tamima alikuwa wa saba katika foleni ile.

Kulthum alifuatwa kazini. Alimkuta mama yake amekaa kwenye ngazi za nyumba ya jirani, buibui limechanika kutoka begani, kiwiko kimechubuka, na uso umekufa ganzi. Mkononi alikuwa ameshika kikapu kisicho na kitu.

"Waliandika wanafunga," alisema Bi Tamima. "N'liisoma mwenyewe."

Kulthum alimpeleka juu, akamwosha kiwiko kwa maji ya chumvi. Hakumwambia aliyeandika ni nani. Bi Tamima alimtazama muda mrefu, kisha akageuza uso ukutani, na Kulthum akafahamu kuwa mama yake ameshaambiwa.

Alasiri ile ile walikuja watu wawili kiwandani wakamchukua Mzee Kurwa. Ndugu Pandu alikuwa ameandika taarifa kwamba mpangaji ndiye mkono wa mwisho, na kwamba mpangaji huyu amechapa bila ya kutumia akili.

Asubuhi Kulthum alikwenda kwa Ndugu Hasan. Alingoja kwenye benchi mpaka adhuhuri. Alipoingia, alisema yote kwa pumzi moja: alama ni zake, prufu ya hotuba aliiona, aliijua, akaiacha makusudi, la mchele aliliacha kwa uzembe, ambalo ni baya zaidi.

"Uliiona ile hotuba kuwa ina kosa?" aliuliza Ndugu Hasan.

"Nliiona."

"Mbele ya kamati ulisema si kosa."

"Nilisema si kosa kwa mujibu wa Mwongozo."

Ndugu Hasan aliweka kalamu chini. "Bi Kulthum, nikiandika uliyonambia, itanibidi niandike na kwamba kamati yangu ilichezewa na mwanamke wa chapa. Na kwamba Ndugu Katibu alisoma upuuzi mbele ya watu mia nane, wakampigia makofi. Unataka niandike hivyo?"

"Nnataka Mzee Kurwa atoke."

"Hujasema kitu na mimi sijasikia kitu. Mzee atatoka. Lakini wewe penseli nyekundu usiishike tena." Akafikiri, akaongeza kwa upole wa kutisha: "Na jambo hili usijaribu kulihadithia. Baba yako si yule wa Kidichi?"

Mzee Kurwa alitoka siku ya nne, amekonda, hajanyolewa na anachechemea. Mwezi huohuo Ndugu Pandu alipandishwa cheo, akapewa kusimamia fomu zote za kisiwa kizima, maana ilionekana hapana mwengine anayezifahamu. Idara ikatoa waraka wa pili kuzuia yasitokee tena kama yaliyotokea dukani. Mwongozo haukuguswa. Waraka uliamuru tu kwamba kuanzia siku ile neno "funga" lisitumike, na mahali pake pawekwe "hitimisha".

Kulthum alihamishiwa ghalani, nyuma ya kiwanda, kutunza karatasi na wino. Palikuwa na joto, na mende wakubwa. Wiki ya kwanza Mzee Kurwa hakuingia. Alikuwa akituma mtu. Wiki ya pili akaja mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Kurwa."

"Marahaba."

Kulthum alikuwa amejitayarishia maneno mengi, yakampotea. "Nisamehe," alisema. "Nlikutia mashakani kwa ajili ya kucheka."

"Wewe?" Mzee Kurwa akaketi juu ya bunda la karatasi, akanyoosha mguu uliokuwa bado unamuuma. "Kwani mimi n'liipanga ile hotuba kwa ujinga? Miaka thelathini nnapanga hotuba za wakubwa, za Waingereza, za watu wa Sultani, na hizi. Ile ndiyo ya kwanza nliyoisikiliza mpaka mwisho."

Akacheka bila ya kutoa sauti, mabega yakipanda na kushuka, kisha akaacha ghafla.

"Lakini yule mama wa mandazi," alisema, "mkono wake haukuungwa vizuri. Nimekwenda kumtazama. Hawezi kukanda unga."

"Na mimi nimekwenda."

"Ulimwambia?"

"N'limwambia. Akasema yeye hajui kusoma, alisukumwa tu."

Mzee Kurwa alitikisa kichwa. Nje mashine ya chapa ikawa inapiga vile vile kama kila siku, inachapa sijui nini. Baadaye Mzee Kurwa aliinuka, akataka karatasi nyeupe ya kimo kidogo, mabunda mawili. Kulthum akamtolea, akashika upande mmoja, Mzee Kurwa akashika wa pili, wakayapeleka ndani.